Timu ya vibendera ya wikendi na timu ya NFL: kipi cha kuiga, kipi cha kuacha

*"Mimi ni nahodha wa timu ya burudani ya futiboli ya vibendera, aina ya futiboli ya Kimarekani ambapo mwenye mpira husimamishwa kwa kuchomolewa kibendera kwenye mkanda wa kiunoni badala ya kuangushwa. Tunacheza watano kwa watano, wanaume na wanawake pamoja. Tuko 9. Tunafanya mazoezi mara moja kwa wiki na kucheza wikendi. Msimu huu tuliamua kujipanga kama timu za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani: tukaandika mbinu 40, tukagawana kikosi cha ushambuliaji na cha ulinzi, na nafasi ya kwotabeki, yaani mtupaji wa pasi, tukampa mwenzetu mwenye mkono wenye nguvu kuliko sote. Tumefungwa mechi nne mfululizo na wawili wameumia vidole. Nusu ya timu wanasema mchezo wetu ni wa kitoto, haufai kulinganishwa na ule wa kulipwa. Nusu nyingine wanasema hatujaiga vya kutosha. Nani yuko sahihi, na tujipime kwa kipimo gani?"*

Ndugu nahodha, pole kwa vidole vya wenzako. Nitavirudia mbele, maana si jambo la kupuuza. Unachouliza hasa ni kama bidii yenu imepotea bure. Haikupotea, ila imeelekezwa kwenye mambo ambayo mchezo wenu hauna.

Kambi zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinadhani futiboli ya vibendera ni futiboli ya NFL iliyoondolewa kuangushana. Tazama kinachoondoka pamoja na kuangushana. Katika NFL kila upande una wachezaji 11, na kwa kawaida watano wa ushambuliaji hawaruhusiwi hata kupokea pasi ya mbele; kazi yao ni kuzuia. Mbele yao wanasimama walinzi watatu au wanne wakubwa, na nyuma kuna wengine wanaoingia kusaidia. Kwa hiyo kila mpira unapoanza, karibu nusu ya watu 22 wanasukumana ndani ya yadi chache. Hapo ndipo mechi nyingi za kulipwa huamuliwa. Ninyi hapo hamna mtu. Kuzuia kwa mwili ni kosa, senta, anayeanzisha mchezo kwa kumpa kwotabeki mpira, akishautoa anakimbia kupokea pasi kama wengine, na mpira ukianguka chini mchezo unakufa palepale. Mbinu nyingi mlizonakili zilibuniwa ili kumpa kwotabeki nafasi nyuma ya watu watano wanaomlinda. Mmechukua mbinu, na watu wale hamnao.

Lakini kinga mnayo. Kanuni zinazotumiwa sana, za NFL FLAG, mpango wa vibendera wa NFL, na za shirikisho la kimataifa IFAF, zinamtaka mlinzi anayetaka kumvamia kwotabeki aanzie yadi 7 kutoka mstari wa kuanzia mchezo. Kwotabeki akisimama yadi 5 nyuma ya mstari, mvamizi ana yadi 12 za kukimbia. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha wa kulipwa, huzimaliza kwa sekunde 2.5 hivi akianza kwa kusimama. Sasa linganisha: kwotabeki wa NFL huachia mpira kwa wastani kati ya sekunde 2.5 na 3. Kwa hiyo zile yadi 7 ndizo ukuta wenu, na zinawapa muda unaokaribia kabisa ule wa wataalamu.

Kinachotofautiana ni miguu. Ndani ya sekunde 2.5 mpokeaji wa NFL anaweza kufika yadi 18 hivi akikimbia moja kwa moja. Mchezaji wa burudani atafika yadi 12, na kama njia yake ina kona katikati, yadi 7 au 8. Mkichukua njia ya NFL inayokata kona kwenye yadi ya 15, mpokeaji wenu atakuwa bado hajageuka wakati mkono wa mvamizi uko kwenye mkanda wa kwotabeki. Ndiyo maana mnapoteza yadi au mnatupa mpira ovyo, nanyi mnadhani tatizo ni kwotabeki. Dawa ni kupunguza vina, yaani umbali ambao wapokeaji hukimbia mbele kabla ya kupokea. Mpokeaji wa kwanza kutazamwa awe wazi kati ya yadi 4 na 7, wa pili kati ya 8 na 10, na wa tatu tu ndiye akimbie mbali, zaidi kwa kumvuta mlinzi wa nyuma kuliko kwa kutegemewa.

Hapo ndipo mkono wenye nguvu unapopungua thamani. Uwanja wa NFL una upana wa yadi 53 na theluthi. Wenu una 25 au 30. Pasi ya kwenda pembeni inayomtaka mtaalamu autupe mpira kama risasi, kwenu ni ya umbali wa kawaida. Na pasi ndefu ya juu ya yadi 30 hukaa hewani zaidi ya sekunde 2, muda unaomtosha mlinzi aliyeachwa kurudi. Mtafuteni anayeamua mapema na kuachia mpira haraka. Kipimo chepesi ni hiki: mtu mmoja ahesabu kwa sauti "moja, mbili" tangu senta anapotoa mpira, na kwotabeki awe ameachia kabla ya "tatu". Anayeweza hivyo mara 8 kati ya 10, pasi ikafika kifuani kwa mwenzake umbali wa yadi 6, ndiye kwotabeki wenu, hata kama hawezi kurusha yadi 40. Yule mwenye mkono mkali awe mpokeaji au mlinzi wa nyuma.

Kuna dhana nyingine ya kuondoa: kwamba bila msongamano wa NFL, uwanja wenu uko wazi. Fanya hesabu. Timu ya NFL ikipeleka wanne kumvamia kwotabeki, saba wanabaki kulinda upana wa yadi 53, yaani yadi 7 na nusu hivi kila mmoja. Kwenu mmoja akivamia, wanne wanalinda yadi 25, yadi 6 na robo kila mmoja. Uwanja ukiwa wa yadi 30 ndipo mnalingana na wataalamu. Nafasi haitokei yenyewe. Inatengenezwa kwa kuweka wapokeaji watatu upande mmoja kwa vina tofauti, tuseme yadi 3, 8 na 14, mlinzi wa eneo lile alazimike kuchagua mmoja na kumwacha mwingine. Wakiwakaba mtu kwa mtu, wapokeaji wawili wapishane kwenye yadi ya 4 au ya 5, ila wasimgonge wala kumziba mlinzi. Kwenye NFL kugusana kidogo huko mara nyingi hupita. Kwenye vibendera mwamuzi atapuliza.

Sasa mbinu zenu 40. Timu ya NFL ina wachezaji 53 wa kikosi kikuu na wengine wa mazoezi. Kazi yao ya kutwa ni hii, na wiki ya mechi ya Jumapili huwa na siku kadhaa za mazoezi na vikao. Ninyi mna zoezi moja. Likiwa la dakika 75, mkifanya kazi kweli mtaanzisha mashambulizi 30 hivi. Mbinu 40 kwa mara 30 ni chini ya mara moja kila mbinu. Wapo ambao mbinu fulani wanaiona kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Mbinu 8 kwa mara 30 ni karibu mara nne kila moja, na kwa wiki tatu kila mtu ataifanya bila kufikiri. Chagueni 8: mbili za kumkabidhi mwenzenu mpira akimbie, nne za pasi fupi zenye njia tatu za kina tofauti, moja ya pasi ndefu, na moja ya eneo la karibu na bao. Zichoreni kwenye kadi ndogo ya kuvaa mkononi.

Katika zile za kukimbia kuna jambo ambalo timu zinazoiga NFL husahau. Mpira ukishakabidhiwa, kanuni ya yadi 7 imekwisha na walinzi wote wanaruhusiwa kuvuka mstari. Kwa hiyo mkabidhiane haraka, na anayepokea awe tayari yuko kwenye mwendo, akipita upande ambao mvamizi ameuacha. Halafu kuna yadi 5 kabla ya mstari wa katikati na yadi 5 kabla ya bao, ambazo kwa kanuni nyingi hamruhusiwi kukimbia na mpira. Ni pasi tu. Timu yenye mkimbiaji mzuri ni afadhali iwe yadi 6 kutoka bao kuliko yadi 4. Katika NFL kila yadi ya kusogea ni faida, na mazoea hayo yakihamishiwa kwenu yanawapokonya mbinu zenu za kukimbia. Someni kijitabu cha ligi yenu, maana vipimo hivi na idadi ya majaribio mnayopewa ya kuvuka mstari wa katikati hutofautiana.

Kuhusu kugawa vikosi viwili: watu 9 hawatoshi, na mchezo hauhitaji. NFL hugawa kwa sababu kazi ni tofauti mno. Anayezuia mbele na anayelinda nyuma wanahitaji miili tofauti. Ndiyo maana Travis Hunter, aliyechaguliwa wa pili na Jacksonville Jaguars mwaka 2025, alizungumziwa sana kwa kutaka kucheza pande zote mbili. Kwenu kucheza pande zote ndiyo kawaida. Kila mmoja ajue nafasi mbili za kushambulia na moja ya kulinda, na mpumzishane kwa zamu kila umiliki wa mpira unapokwisha. Mmekuwa mkiwaweka wachezaji wenu wazuri nje nusu ya mechi bila sababu.

Yapo mambo ya NFL yanayofaa kuigwa, na mengi ni yale yasiyoonekana kwenye televisheni. La kwanza ni kutembea mbinu. Watu huamini wataalamu wanagongana kila siku. Mkataba wao wa kazi unaruhusu mazoezi 14 tu ya mavazi kamili ya kinga katika msimu mzima wa mechi 17. Sehemu kubwa ya kujifunza hufanyika kwa kutembea polepole, kila mtu akijua anasimama wapi. Fanyeni hivyo dakika 10 kabla ya mechi, mbinu zote 8, bila kukimbia. La pili ni kupanga mapema mashambulizi ya mwanzo. Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alijulikana kwa kuandika mfululizo wa mbinu za kufungulia mechi kabla ya siku yenyewe. Ninyi pangeni 6 za kwanza. Zitaondoa yale mabishano mnapokusanyika kwenye duara kabla ya kila shambulizi, na kwa kuangalia jinsi wapinzani wanavyojipanga mtajua kama wanakaba mtu au wanalinda maeneo. La tatu ni kujitazama. Simu moja iliyosimamishwa juu kidogo nyuma ya eneo la bao inatosha. Msitazame mpira, tazameni miguu ya walinzi wenu sekunde ya kwanza.

Maana ulinzi ndio unaowamaliza, ingawa hukuuliza. Timu ya burudani mara nyingi hupoteza yadi nyingi kwa kukosa vibendera. Anayechomoa vibaya hutazama mpira au uso wa mkimbiaji, ambavyo vyote vinadanganya, kisha hunyosha mkono akiwa mbali, mwili ukiinama na miguu ikiwa imesimama. Kiuno hakidanganyi. Mkaribie kwa kasi mpaka yadi 3, kisha fupisha hatua, piga magoti kidogo, jiweke nusu upande ili umwachie njia moja tu, ya kuelekea pembeni ya uwanja, na shusha mikono yote miwili kwenye nyonga. Kibendera huvutwa kwa kwenda chini. Fanyeni hivi kwenye kisanduku cha yadi 5 kwa 5, mkimbiaji mmoja na mlinzi mmoja, kila mtu mara 10 kila wiki. Robo ya zoezi lenu ikienda hapo, haijapotea. Anayekimbia naye ajue kwamba kuziba kibendera kwa mkono au kwa mpira, na kujirusha ili kukwepa, ni makosa. Yale ya mkono ulionyoshwa kumsukuma mlinzi yabaki NFL.

Kwa vipimo, acheni kuhesabu yadi kama kwenye takwimu za kulipwa, kwani uwanja wenu ni mfupi na haziwaambii kitu. Hesabuni pasi zilizoshikwa. Makwotabeki wa NFL kwa jumla hufikisha karibu 65 kati ya 100, pamoja na pasi ndefu. Ninyi mkicheza kwa vina nilivyotaja mnapaswa kuwakaribia. Mkiwa chini ya nusu, ama njia zenu bado ni ndefu, ama kwotabeki anashikilia mpira. Hesabuni pia vibendera vilivyochomolewa na mlinzi wa kwanza kufika. Lengeni 7 kati ya 10. Na hesabuni mashambulizi yaliyoharibika kabla ya kuanza: mtu amesimama pasipo pake, senta ametoa mpira vibaya, wawili wamegongana. Timu yenye mbinu 40 huwa na mengi ya hayo. Namba hizi tatu, wiki hadi wiki, zitawaambia kama mnaendelea hata mkifungwa.

Wale wanaosema huu ni mchezo wa kitoto waelezwe yaliyotokea Houston mwaka 2018. Ligi ya futiboli ya vibendera ya Marekani, AFFL, ilikutanisha kwenye fainali timu ya wachezaji wa ridhaa iliyoitwa Fighting Cancer na timu ya Godspeed, iliyokuwa na waliowahi kucheza NFL. Wa ridhaa walishinda 26 kwa 6. Miongoni mwao alikuwa Darrell Doucette, ambaye baadaye akawa kwotabeki wa timu ya taifa ya Marekani iliyotwaa ubingwa wa dunia wa vibendera Lahti, Ufini, mwaka 2024. Waliocheza NFL walikuwa na miili na kasi. Waliowashinda walikuwa na miaka ya kuzoea nafasi, kuchomoa na kuchenga bila kugusana. Na kwenye michezo ya World Games ya Birmingham, Alabama, mwaka 2022, wanawake wa Mexico waliifunga Marekani 39 kwa 6 kwenye fainali, ilhali nchi yenye NFL ni Marekani. Mchezo huu umeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 2028, watano kwa watano, na wamiliki wa timu za NFL wamekubali wachezaji wao wajaribu kuingia. Hata hao watalazimika kujifunza upya.

Msilichukue tukio hilo kinyume chake, lakini. Mchezaji bora wa vibendera hawezi kwa ubora huo pekee kusimama kwenye uwanja wa NFL. Uzito, nguvu za kuhimili mgongano na miaka ya kufundishwa kuangusha mtu havipatikani kwenye vibendera.

Sasa vidole. Kwa kawaida huumia kwa njia tatu: mkono unaorushwa kwenye kiuno huku macho yako kwingine, mpira wa kasi unaopokelewa vidole vikiwa vimenyooka kuuelekea, na mfuko wa kaptura unaonasa kidole cha mlinzi. Valini kaptura zisizo na mifuko. Anayepokea juu ya kifua akutanishe vidole gumba, chini ya kiuno akutanishe vidole vidogo, viganja vikiutazama mpira. Mpira wa NFL una urefu wa inchi 11 hivi. Wenye mikono midogo watumie saizi ndogo zaidi ikiwa ligi inaruhusu. Wenzako hao wawili wajipime leo: asiyeweza kunyoosha ncha ya kidole kwa nguvu za kidole chenyewe, au mwenye kidole kilichopinda, aende hospitali apigwe picha. Ncha iliyokatika kano yake (mshipa unaoinyoosha) hutibiwa kwa kufungwa banzi mfululizo kwa wiki 6 hadi 8, na kuchelewa kunaweza kuiacha imelegea daima. Msivute kidole kukirudisha wenyewe.

Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache, au kisigino ambacho mtu alihisi kama amepigwa teke kutoka nyuma na sasa hawezi kusimama kwa ncha za vidole, havisubiri Jumatatu. Na kwa kuwa hamvai helmeti, vichwa vikigongana, aliyepata kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kichefuchefu atoke na asirudi siku ile hata akisisitiza yuko sawa. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa upande wa mchezo, jipeni wiki nne na mbinu zenu 8. Kama baada ya hapo pasi zilizoshikwa bado ziko chini ya nusu, au wapinzani wananasa pasi zenu mbili na zaidi kila mechi, tafuteni kocha anayejua vibendera hasa. Aliyefundisha futiboli ya kuangushana peke yake atawarudisha mlikotoka. Aje kwenye mechi, asimame nyuma ya kwotabeki, na aangalie mambo mawili tu: kwotabeki anamtazama nani kwanza, na mpira unatoka mkononi kwa hesabu ya ngapi.